Wafalme wa Ufaransa na Miaka ya Baba

Hadi leo nikisikia harufu ya tumbaku kavu iliyochanganyika na karatasi kuukuu, mimi hugeuka kutazama mlango kabla sijajua kwa nini. Harufu hiyo ilitoka kwenye sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda cha baba, nyumbani kwetu kijijini, mwendo wa baiskeli usiozidi saa mbili kutoka Tabora mjini ukipitia Ntalikwa. Ndani ya sanduku baba aliweka vyeti vya ubatizo vya watoto wake, karatasi za shamba, suti aliyofungia ndoa na kitabu kimoja kikubwa cha Kifaransa. Katikati ya kurasa za kitabu hicho alilaza majani ya tumbaku ili mende wasikisogelee, na kila jani lilikuwa limeacha doa la kahawia lenye umbo lake. Wenzangu wakikumbuka utoto wao hutaja harufu ya mvua ya kwanza au ya mahindi ya kuchoma. Mimi nakumbuka tumbaku, na ninachokikumbuka pamoja nayo ni hofu.

Baba hakujua Kifaransa hata neno moja. Kitabu alipewa na mapadre wazungu wa mwisho walipoondoka parokiani kwetu, siku walipogawa viti, sufuria na vitabu kwa waumini waliokuwa karibu. Wa kwanza wao walikuwa wamefika zamani sana kwa miguu, wakitokea pwani kwa njia ile ile ya misafara iliyopita nyuma ya kanisa letu, njia ambayo sasa inapitisha baiskeli zilizobeba marobota ya tumbaku, na ambayo baada ya mvua kubwa hutoa shanga nyekundu na za buluu kutoka ardhini. Wengi wao hawakukaa sana. Makaburi yao yalikuwa kando ya njia hiyo, misalaba ya chuma yenye jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari kifupi, na mwaka wa kufa. Nilipojifunza kutoa hesabu za tarakimu nne nilifanyia mazoezi pale, nikitembea kutoka msalaba hadi msalaba na mfuko wa daftari begani. Ishirini na sita. Thelathini na moja. Ishirini na tisa. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano ninayeona fahari kupata vema zote, na sikuona ubaya wowote katika majibu yale.

Nilikuwa kitinda mimba, nimepewa jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo baba aliniita mama. Jumapili baada ya misa alikuwa akitoa kile kitabu, anakifuta vumbi kwa kiwiko, ananiambia, "Haya mama, nisomee namba." Maneno hatukuyaelewa, lakini namba ni namba. Kurasa za mwisho kabisa zilikuwa na orodha ndefu ya watu waliotawala Ufaransa, wafalme kwanza kisha marais, kila mmoja na picha ndogo, jina lake, na miaka yake miwili, wa kuzaliwa na wa kufa, iliyotenganishwa na kistari. Orodha ilinivutia kwa sababu ilifanana na makaburi ya nyuma ya kanisa, ila hapa kulikuwa na sura. Nilianza kutoa. Mfalme mmoja mwenye nywele za mawimbi alipata sabini na saba. Mwingine, mnene wa mashavu, alipata thelathini na tisa tu. Rais mmoja mwenye ndevu nyeupe alipata tisini na moja, na baba alicheka akasema huyo alikula uji wa uwele. Halafu nikafika kwa mfalme asiyekuwa na picha, mwenye mwaka mmoja ulioandikwa mara mbili, na jibu lake likawa sifuri. Nilirudia hesabu mara tatu. Niliwaza ni mtu gani huyo aliyetawala nchi akiwa na miaka sifuri, na siku hiyo ndipo orodha ile ilipoanza kunitisha.

Aliyetufumbulia alikuwa frateri mmoja mwenyeji wa Kigoma, aliyesoma Burundi na kuletwa parokiani kwetu kwa mazoezi ya kichungaji. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani, anayependa kueleza jambo hadi mwisho hata usipomwomba. Baba alimkaribisha chai, akamwekea kitabu mezani, naye frateri akaanza kusoma maandishi madogo yaliyokuwa chini ya picha. Mfalme wa sifuri alikuwa mtoto mchanga, baba yake alikufa kabla hajazaliwa, akazaliwa tayari akiwa mfalme na kuishi siku chache tu. Yule wa thelathini na tisa alikatwa kichwa na watu wake mwenyewe. Kisha akaweka kidole kwenye picha moja baada ya nyingine, bila haraka, huku akichovya mkate: huyu alichomwa kisu, huyu alichomwa kisu, huyu rais alipigwa risasi, na huyu rais mwingine naye alichomwa kisu akiwa ndani ya gari la farasi, watu wakimshangilia. Nilikuwa nimeshafanya hesabu zao wote. Wa kwanza kati ya wale wa visu alipata thelathini na nane. Wawili waliobaki, mfalme na rais, waliopishana karibu miaka mia tatu, walipata jibu moja. Hamsini na saba.

Namba hiyo nilikuwa nimeshakutana nayo wiki ile ile mahali pengine. Kijiji kilikuwa kwenye uchaguzi, na kwenye mlango wa ofisi ya kijiji palibandikwa karatasi yenye majina ya wagombea uenyekiti pamoja na miaka yao ya kuzaliwa. Mtoto aliyezoea kutoa miaka hawezi kupita karatasi kama hiyo bila kutoa. Baba yangu, mkulima wa tumbaku, mtu ambaye watu walimpenda kwa sababu alisikiliza kabla ya kujibu, alikuwa anatimiza hamsini na saba mwaka huo. Alipochaguliwa, akina mama walipiga vigelegele, wazee wakamsimamisha mbele ya watu wakamkabidhi usinga, na mjomba wangu akatania kwamba sasa nyumba yetu ni Ikulu. Kila mtu alicheka. Mimi nilisimama nyuma ya mama nikiwa nimeshika khanga yake, nikawaza kwamba baba amekuwa mkuu, na ana hamsini na saba.

Najua leo kwamba mtu mzima angecheka. Kijiji chenye kisima kimoja na Ufaransa ni vitu viwili mbalimbali. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hesabu zilikuwa ndicho kitu pekee nilichokiamini bila wasiwasi, kwa sababu hazikuwahi kunidanganya. Katika woga huo nilifanya kosa ambalo limenifuata hadi leo. Alasiri moja baba akiwa kwenye baraza la kijiji, nilitoa kitabu, nikafungua ukurasa wa mwisho wa orodha, na chini ya rais wa mwisho nikaandika kwa penseli jina kamili la baba yangu na mwaka wake wa kuzaliwa. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kumweka pamoja na wale waliobaki wazi, maana rais yule wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja tu, kisha kistari, kisha nafasi tupu, na nilimwona ni mtu mwenye bahati kuliko wote waliomtangulia. Nami nikamwekea baba kistari, nikakikandamiza vizuri ili kifanane na cha kuchapwa. Halafu nikakiangalia. Nafasi tupu iliyokuwa mbele yake ilikuwa inasubiri namba, na mimi ndiye niliyeifungua.

Bibi yangu hakuwahi kuhesabu watu. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi anajibu, "Wapo, wametosha," na mtu akianza kutuhesabu kwa kidole wakati wa chakula alimpiga kofi mkononi. Mtu akihesabiwa, alisema, kuna anayesikia hesabu hiyo na kuja kuchukua wake. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo tangu nikiwa mgongoni na sikulijali, ila alasiri ile lilinirudia lote. Nilichukua kifutio nikafuta kwa nguvu. Jina likapauka, mwaka ukawa wingu la kijivu, lakini kistari kilikuwa kimeingia ndani ya karatasi na hakikutoka. Nililowesha kidole kwa mate nikasugua, karatasi ikaanza kutoboka pembeni, nikaacha. Niliweka jani la tumbaku juu ya ukurasa, nikafunga kitabu, nikakirudisha sandukuni. Chakula cha jioni sikukigusa, na mama akadhani nina malaria.

Wiki zilizofuata niliishi na macho yangu kwenye visu. Nyumba ya mkulima ina visu vingi kuliko unavyofikiri. Kulikuwa na cha jikoni, cha kukatia kamba za tumbaku, cha kuchunia ngozi ya mbuzi, na kimoja kisicho na mpini ambacho kaka zangu walichongea manati. Nilivificha kimoja kimoja katika ghala, chini ya magunia ya mahindi, na nyumba nzima ikawa inatafuta visu. Mama alimshuku jirani, kaka zangu wakachapwa, nami nikanyamaza. Nilimsindikiza baba hadi ofisi ya kijiji kila nilipoweza, nikitembea nyuma yake ili nione anayemjia. Akisimama kusalimiana na mtu aliyebeba panga, jambo la kawaida kabisa kwetu, nilijipenyeza katikati yao. Baba aligeuka siku moja akaniuliza, "Mama, mbona siku hizi umekuwa kivuli changu?" Nikasema napenda tu kutembea naye, na akanishika mkono kwa furaha, jambo lililonifanya nitake kulia.

Kisha nikampata mtu wangu wa kumwogopa. Mzee Maganga alikuwa mrina asali, mrefu, mkimya, mwenye kovu la nyuki juu ya jicho, na kiunoni alivaa kisu chenye ala ya ngozi ambacho hakukivua hata kanisani. Aligombana na mjane wa marehemu mdogo wake kuhusu mpaka wa mashamba, ukanda mwembamba wa miombo ambamo Maganga alikuwa ametundika mizinga mitatu. Kesi ililetwa kwa baba. Nilikuwa nimekaa nje chini ya dirisha la ofisi nikamsikia baba akisema kwa sauti yake ya taratibu kwamba ukanda ni wa mjane na watoto wake. Maganga alitoka bila kuaga wazee, akasimama mlangoni, akageuka. "Sawa, mwenyekiti," alisema. "Tutaonana." Mkono wake ulikuwa umepumzika juu ya ala ya kisu, kama ulivyopumzika siku zote, lakini mimi niliuona mkono huo peke yake.

Kati ya siku ile na siku Maganga alipokuja nyumbani kwetu ndipo frateri aliponimaliza. Nilimkuta akimwagilia maua kwenye makaburi ya mapadre, nikajikaza nikamuuliza kama rais wa mwisho kwenye kitabu cha baba bado yuko hai. Nilihitaji awe hai. Frateri alisimama, akafikiri, akasema kwa upole kwamba yule naye alishakufa, tena zamani, akiwa bado madarakani. Alikuwa mgonjwa na watu walifichwa ugonjwa wake hadi mwisho. "Kitabu kilichapwa kabla hajafa," alisema, "ndiyo maana hakina mwaka." Akaendelea kumwagilia maua. Mimi nilibaki pale nikiangalia misalaba. Kumbe nafasi tupu haikumaanisha chochote. Mtu alikuwa ameshakufa miaka mingi na kistari bado kinamsubiri, na mimi nilikuwa nikijipa moyo kila asubuhi kwamba kwa kuwa mbele ya jina la baba bado ni peupe, baba yupo.

Maganga alikuja Jumamosi moja saa tisa alasiri, wakati wa kiangazi, majira ya kuchambua tumbaku. Baba alikuwa ndani ya banda la majani nyuma ya nyumba, akipanga tumbaku kwa madaraja, ya rangi ya dhahabu upande mmoja na ya kahawia upande mwingine. Mimi nilikuwa uani nikipeta mpunga. Maganga aliingia akiwa na ndoo iliyofunikwa kwa majani, kisu kikiwa kiunoni. Sikumwamkia. Mtoto wa kwetu kumwona mtu mzima asimpe shikamoo lilikuwa jambo la kuchapiwa, lakini macho yangu yalikuwa kiunoni mwake. Aliniuliza kama baba yupo. Nikamwambia ameenda Tabora. Wakati huo huo baba akakohoa ndani ya banda, kikohozi kile cha vumbi la tumbaku, na Maganga akanitazama, akatabasamu kidogo, akapita.

Nilimfuata. Banda lilikuwa na giza kiasi, na harufu ya majani ilikuwa kali hadi machozi yalinitoka. Baba alikuwa amechuchumaa ameupa mlango mgongo, ameinamia fungu lake, na shingo yake ilikuwa wazi juu ya ukosi wa shati. Maganga aliweka ndoo chini. Alisema neno ambalo sikulisikia, akapeleka mkono kiunoni, akachomoa kisu. Sikupiga kelele. Niliruka tu, nikakishika kisu kwa kiganja cha mkono wa kulia upande wenye makali, nikakivuta kwangu kwa nguvu zangu zote. Maumivu hayakuja mara moja. Kwanza niliona damu juu ya majani ya daraja la kwanza, nikawaza kwamba baba atakasirika kwa kuharibiwa tumbaku.

Aliyenishika wa kwanza alikuwa Maganga mwenyewe. Alikuwa ametupa kisu mbali, amepiga magoti mbele yangu. "Mtoto wa watu," alikuwa akisema, "mtoto wa watu, nimefanya nini?" Alichota asali kwenye ndoo kwa vidole akaipaka kwenye jeraha, akachana kitambaa cha shingoni akanifunga. Ndoo ilikuwa na masega. Mjane alikuwa amemruhusu arine ile mizinga mitatu kwa mara ya mwisho kabla hajaihamisha, naye alikuja kumaliza ugomvi wake na baba, maana warina asali wa kwetu humaliza ugomvi kwa kukata sega moja na kulila pamoja. Ndiyo maana alichomoa kisu. Baba alinipakata akaniuliza kulikoni, akauliza tena, nami nikaficha uso kifuani kwake. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, Mzee Maganga hakuingia tena uani kwetu na kisu. Alikuwa akikivua na kukitundika kwenye uzio, kisha ndipo anabisha hodi.

Niliyemwambia ukweli alikuwa bibi, asubuhi iliyofuata, alipokuwa akibadilisha kitambaa. Nilitoa yote: wafalme, visu, hamsini na saba, kistari, visu vya chini ya magunia. Nilitegemea anipige kwa kuhesabu. Badala yake alianza kucheka taratibu, mabega yakimtikisika. "Hamsini na saba nani kakwambia?" aliuliza. Nikasema karatasi ya uchaguzi. Akaniambia niinue mkono usio na jeraha, niupitishe juu ya kichwa, nishike sikio la upande wa pili. Nikashika. Hivyo ndivyo, alisema, watoto walivyoandikishwa shule zamani. Mwalimu hakuuliza mwaka wa kuzaliwa kwa sababu hakuna mama aliyeujua kwa namba. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa, akilifikia sikio anaandikwa ana miaka saba, na mwaka unahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo. "Baba yako alizaliwa na mikono mirefu," bibi alisema. "Alishika sikio angali ananyonya." Alitia chumvi, bila shaka. Lakini alikuwa na uhakika kwamba baba aliandikishwa kabla ya wakati, labda miaka miwili, labda mitatu. Alizaliwa msimu ambao karanga ziliozea shambani kwa mvua, na zaidi ya hapo bibi hakujua wala hakutaka kujua.

Alidhani ananituliza. Alinipa kijiko cha asali akaniambia niende nikacheze. Nilikaa nyuma ya ghala nikapiga hesabu upya, na hesabu ikanitisha kuliko mwanzo. Ikiwa baba hakuwa na hamsini na saba, basi hamsini na saba yake ilikuwa bado inakuja. Ingekuja mwaka kesho, au kesho kutwa, au ule wa baada yake, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuniambia imefika. Zamani nilikuwa na mwaka mmoja wa kuogopa. Bibi alikuwa amenipa mingine mitatu, yote bila alama. Nilirudisha visu jikoni kimoja kimoja, kwa sababu nilijua sasa siwezi kuvificha muda wote huo, lakini sikurudisha moyo wangu mahali pake. Nilimaliza darasa la saba nikiwa bado ninahesabu, nikaenda sekondari ya bweni Tabora mjini nikiwa ninahesabu, na kila nilipoitwa getini kuonana na mgeni nilidhani ni habari ya baba. Jambo jingine lililonitesa ni sanduku. Siku chache baada ya ule mkasa baba alilitia kufuli, ufunguo akaufunga pamoja na rozari yake, na Jumapili hakuniita tena nimsomee namba. Sikuwahi kumuuliza. Niliamini ameona ukurasa ule na amenikasirikia, na kwamba hasira yake ni ya haki.

Siku hizi hakuna anayehitaji kutoa. Mwanangu wa darasa la nne huuliza simu umri wa mtu yeyote aliyewahi kutawala popote, na simu inamjibu kabla hajamaliza. Siku moja nilimwomba aiulize kuhusu wale wawili wangu, mfalme na rais. Wote wawili walikufa wakiwa na hamsini na sita. Hakuna aliyekuwa ameifikia siku yake ya kuzaliwa mwaka ule, na mimi nilitoa mwaka kwa mwaka bila kujali miezi. Basi hapakuwa na hamsini na saba kwao, na hapakuwa na hamsini na saba kwa baba, na kovu ninalo kiganjani. Kuna mmoja aliyeishi hadi tisini na nne. Kuna mmoja aliyeingia madarakani hajatimiza arobaini. Mwanangu anaziona hizo kuwa habari za kufurahisha, anazisahau akifungua mchezo mwingine. Simwonei wivu sana, maana najua siku yake ya kuogopa itakuja na haitapitia kwenye orodha.

Yangu ilikuja mwezi uliopita. Baba alilazwa mjini kwa ugonjwa wa moyo, na muuguzi aliponiuliza umri wa mgonjwa nilianza kupiga hesabu kwa vidole hadi akaandika mwenyewe kile kilichokuwa kwenye kitambulisho. Aliporuhusiwa nilimrudisha kijijini, nikamlaza kwenye kitanda kile kile. Mikono yake bado ni mirefu, ila imebaki mifupa. Siku ya pili alifungua rozari, akanipa ufunguo, akaniambia nitoe kitabu. Harufu ilinipiga usoni nikawa na miaka kumi na mmoja. Aliniambia nifungue mwisho. Chini ya rais wa mwisho, juu ya wingu la kijivu nililoliacha, jina la baba lilikuwa limeandikwa upya kwa mwandiko wake. Kistari changu kilikuwa pale pale. Na mbele yake, kwenye nafasi ile tupu, palikuwa na neno moja la penseli: bado.

Neno lilikuwa jeusi sana, mistari juu ya mistari, ya chini imenyooka na ya juu inayumba. Baba alisema bibi alimweleza yote siku ile ile niliyomwambia. Alitaka kuja kunituliza, lakini alipofungua kitabu akaona jina lake pale, yeye mwenyewe aliogopa. "Bibi yako alisema sijafika," alisema. "Sasa ningejuaje nimefika lini? Nikaona niandike. Kila mwaka mpya ukiingia nalikoleza." Alikuwa amefunga sanduku ili nisione kwamba mwenyekiti anaogopa. Miaka yote hiyo nilidhani niko peke yangu katika hesabu ile, kumbe tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenzake. Nilimwambia anisamehe kwa kumwandika. Akasema hakuna cha kusamehe, mradi nafasi haikubaki wazi kwa mtu mwingine kuijaza.

Kisha akanyoosha mkono juu ya shuka, akaniwekea penseli fupi kiganjani, juu ya kovu. Mwaka mpya ulikuwa umemkuta hospitali, alisema, na vidole vyake havishiki tena vizuri. "Nikolezee, mama." Nililaza kitabu magotini nikaanza na herufi ya kwanza. Alikuwa akinitazama, nami nikafuata mistari yake ile ya chini iliyonyooka. Nililikoleza lote, taratibu, bila kugusa kistari.